Hoteli kubwa za kasino Las Vegas: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chakula, chumba na utulivu

Hoteli ni nyingi mno. Nianze kuchuja kwa kigezo kipi?

Kabla ya kutazama jina wala picha, jibu mambo matatu: utakula nini na saa ngapi, unaweza kuvumilia moshi wa sigara kiasi gani, na uko tayari kutembea umbali gani kila unapotoka chumbani. Ukishayajibu, orodha ndefu itabaki na hoteli nne au tano.

Jina la hoteli peke yake halitoshi. Caesars Palace, kwa mfano, ilifunguliwa mwaka 1966 na imeongezewa minara kwa miongo kadhaa. Chumba cha mnara wa Octavius, uliofunguliwa 2012, hakifanani na cha mnara wa zamani, ingawa vyote viwili vinauzwa kwa jina moja. Wageni wawili wanaweza kulala humo usiku uleule, mmoja akasifu, mwingine akalaani, na wote wakawa wanasema kweli. Kwa hiyo chagua mnara na aina ya chumba kwanza, jina la hoteli lifuate.

Angalia pia tarehe ya ushauri unaousoma. Tropicana ilifungwa Aprili 2024 na Mirage Julai 2024, lakini kurasa za zamani bado zinazipendekeza.

Kwa mtu anayejali chakula zaidi ya kitu kingine, aende wapi?

Kwa chakula cha jioni cha hadhi, bila kulazimika kutoka nje ya jengo, tunaweka mbele Wynn na Encore. Ni hoteli mbili zilizounganishwa, ya kwanza ikiwa ya 2005 na ya pili ya 2008. Humo utapata SW Steakhouse kwa nyama, Mizumi kwa vyakula vya Kijapani na Wing Lei kwa vya Kichina. Unapoweka nafasi SW, omba meza ya upande wa ziwa dogo la hoteli. Mara nyingi watakujibu kwamba hawaahidi meza maalumu, lakini ombi linabaki kwenye kumbukumbu, na anayefika mapema ndiye anayefikiriwa kwanza.

Bellagio ina mvuto wa chemchemi zake. Mikahawa yake ya Spago na Prime yote inatazama ziwa. Maonyesho ya maji huja takriban kila nusu saa alasiri, na kila robo saa usiku hadi saa 6. Ndiyo maana meza ya saa 2 usiku ni bora kuliko ya saa 11 jioni, kwani kwa mlo mmoja utaona maonyesho kadhaa.

Kwa upishi wa Kifaransa wa kiwango cha juu kabisa, majina mawili ya kuanzia ni Joël Robuchon iliyo MGM Grand tangu 2005, na Restaurant Guy Savoy iliyo Caesars Palace tangu 2006. Tenga saa tatu kwa mlo kamili wa aina hiyo, na usinunue tiketi ya onyesho la usiku uleule. Mtu akila huku akitazama saa, amelipa pesa nyingi kwa kitu ambacho hakukifaidi.

Familia au kundi lenye ladha tofauti lifikirie Park MGM, kwa sababu ya soko la chakula la Eataly lililo mlangoni: mmoja anachukua tambi, mwingine samaki, mwingine mkate na jibini, kisha wanakaa pamoja. Cosmopolitan nayo imekusanya mikahawa yake karibu karibu katika ghorofa za chini, jambo linalopunguza sana kutangatanga. Venetian ina mikahawa mingi kupindukia na si yote inayofaa, lakini Bouchon, iliyo ghorofa ya 10 ya mnara wa Venezia, ni mahali pa kunywa chai ya asubuhi bila kusikia mlio hata mmoja wa mashine za kamari.

Baada ya hapo fanya jaribio dogo. Fungua ukurasa wa mikahawa wa hoteli unayoitaka na uandike saa za kufungua kwa siku zile utakazokuwepo. Mikahawa mingi ya hadhi hupika jioni tu, kuanzia saa 11 hadi saa 4 usiku, na baadhi hufungwa siku mbili za katikati ya wiki. Hoteli yenye mikahawa 15 inaweza kuwa na miwili tu iliyo wazi saa 8 usiku. Ukiwa umevuka bahari na mwili wako bado haujazoea saa za huko, utaamka na njaa wakati huohuo.

Kwa nini bei niliyoiona si ile ninayolipa?

Kwa sababu ya ada ya lazima ya kila usiku, inayojulikana kama ada ya risoti, pamoja na kodi. Ada hiyo inasemekana ni ya intaneti, mazoezi na simu, na unailipa hata usipovitumia. Kwenye hoteli kubwa za Strip, yaani barabara kuu ya hoteli za kasino, imezunguka dola 50 kwa usiku. Kodi ya malazi ni takriban asilimia 13.4, na inatozwa juu ya chumba na juu ya ada pia.

Piga hesabu hivi: chumba dola 180, ongeza ada dola 50, unapata 230. Zidisha kwa 1.134. Usiku mmoja unakuwa karibu dola 261, na siku tatu ni karibu dola 783, kabla hujala chochote. Tangu Mei 12, 2025 kanuni ya serikali ya Marekani inataka bei inayotangazwa iwe na ada zote za lazima ndani yake, hivyo udanganyifu umepungua. Kodi bado inaweza kuja mwishoni. Kuegesha gari nako huwa ni gharama ya peke yake.

Kisha kuna amana. Ukifika mapokezi, hoteli inazuia kiasi fulani kwenye kadi yako kwa kila usiku, kwa ajili ya matumizi ya ndani. Kiasi hutofautiana, na kinaweza kufika dola 100 au zaidi kwa usiku. Kwa kadi ya mkopo hilo si tatizo kubwa. Kwa kadi ya benki inayokata moja kwa moja, pesa yako halisi inafungwa na inaweza kukaa siku kadhaa baada ya kuondoka, hasa benki ikiwa nje ya Marekani. Wageni wengi hukwama hapa: chumba kimelipwa, lakini kadi haina pesa ya kula.

Bei hupanda Ijumaa na Jumamosi, wakati wa maonyesho ya teknolojia ya CES mwezi Januari, na wiki ya mbio za Formula 1 mwezi Novemba. Jumapili hadi Alhamisi, nje ya mikutano mikubwa, chumba kilekile kinaweza kushuka hadi chini ya nusu.

Nichague chumba gani ndani ya hoteli?

Anza na ukubwa. Venetian, iliyofunguliwa 1999, ni hoteli ya vyumba vyenye sebule yake. Cha kawaida kina takriban mita za mraba 60, na vya Palazzo, jirani yake, ni vikubwa zaidi kidogo. Wynn nayo huanzia karibu na kipimo hicho. Zingatia jambo moja: katika vyumba vingi vya Venetian na Palazzo sebule iko chini ya sehemu ya kulala, na unashuka ngazi mbili au tatu kuifikia. Ni nzuri kwa macho, lakini mzee mwenye magoti mabovu, au mtu anayeamka gizani, anaweza kuanguka. Uliza kabla ya kulipa.

Pili, kelele. Vyanzo vyake ni vinne: lifti, mlango wa ndani unaounganisha vyumba viwili, klabu ya usiku, na bwawa lenye muziki wa mchana. Mlango wa kuunganisha ndio mbaya kuliko vyote, kwa kuwa sauti ya televisheni ya jirani hupenya kama vile mko chumba kimoja. Unapoweka nafasi, andika kwenye sehemu ya maombi: ghorofa ya juu, mbali na lifti, bila mlango wa kuunganisha. Maneno hayo matatu yanatosha, na maombi marefu hayasomwi. Cosmopolitan inasifika kwa roshani, kitu adimu kwenye Strip, lakini roshani inayotazama bwawa la klabu itakuletea besi hadi kitandani.

Tatu, mwanga. Kuta za vioo zinazotazama magharibi hupokea jua kali la alasiri, na kiyoyozi hufanya kazi ya ziada mpaka jua lizame. Tangu Sphere, ukumbi mkubwa wa maonyesho wenye umbo la mpira na taa nje nzima, ifunguliwe Septemba 2023, baadhi ya vyumba vya upande wa mashariki vya hoteli za jirani vinapata mwanga wake usiku. Pazia zito likifungika vizuri hakuna shida. Likiacha mwanya katikati, chukua hanga la suruali lenye vibanio kutoka kabatini na ubane pindo mbili za pazia pamoja.

Chumba changu kilikuwa baridi mchana na moto usiku. Kwa nini?

Hoteli nyingi zimeweka vitambuzi vya mwendo vinavyopunguza kiyoyozi chumba kikionekana kitupu. Mtu aliyelala hajongei, kwa hiyo mtambo unadhani ametoka. Piga simu mapokezi, usiseme tu kwamba kuna joto. Sema kiyoyozi kinajizima ukiwa umelala, na uombe fundi aondoe hali ya kuokoa umeme. Kwa kawaida ni kazi ya dakika chache.

Hewa ya jangwani pia ni kavu sana. Koo kukauka na pua kutoka damu kidogo ni mambo ya kawaida kwa wageni siku ya kwanza. Baadhi ya hoteli zina mashine ya kuongeza unyevu kwa anayeomba.

Sivumilii moshi wa sigara. Nifanye nini?

Sheria iliyopitishwa na wapiga kura wa Nevada mwaka 2006 ilikataza sigara ndani ya mikahawa na sehemu nyingi za umma, lakini iliziacha kumbi za kamari. Chumba chako kinaweza kuwa hakina moshi kabisa, na bado ukalazimika kuupita mara sita kwa siku, kwani njia ya lifti nyingi hukatiza katikati ya kasino.

Suluhisho safi ni mawili. Park MGM, tangu ilipofunguliwa tena mwishoni mwa Septemba 2020, hairuhusu sigara hata kwenye kasino yake. La pili ni hoteli isiyo na kasino. Vdara haina kasino wala moshi, vyumba vyake vina jiko dogo, na unaweza kutembea kwa miguu hadi Bellagio na Aria kwenda kula. Four Seasons iko ghorofa za 35 hadi 39 za jengo la Mandalay Bay, ikiwa na mlango wake wa kuingilia. Waldorf Astoria nayo haina kamari. Mwenye pumu asihangaike na ahadi za mitambo ya kusafisha hewa, achague mojawapo ya hizi.

Mikahawa maarufu niweke nafasi lini?

Kwa Ijumaa na Jumamosi, siku ile nafasi zinapofunguliwa, ambayo mara nyingi ni siku 30 hadi 60 kabla. Carbone iliyo Aria ni mfano wa mahali ambapo saa nzuri huisha mapema. Ukikosa, jaribu tena saa 24 hadi 48 kabla ya siku yenyewe, kwa sababu wengi hufuta muda huo ili kukwepa faini. Faini hiyo hutozwa kwa kila kichwa kwa meza iliyoachwa bila taarifa, na kadi yako tayari wanayo.

Kaunta au baa ya mgahawa huohuo mara nyingi hupokea watu wasio na nafasi na kuwapa menyu ileile. Watu wawili wakifika mlango unapofunguliwa, wana bahati nzuri ya kukaa.

Mavazi: shati lenye kola na viatu vilivyofungwa vinamtosha mwanaume karibu kila mahali. Kaptula, fulana isiyo na mikono na kandambili ndivyo vinavyorudisha watu mlangoni.

Bufe bado zipo?

Zipo, ila ni chache kuliko zamani, maana nyingi zilizofungwa mwaka 2020 hazikurudi. Zinazostahili safari ni Bacchanal ya Caesars Palace, bufe ya Wynn, na Wicked Spoon ya Cosmopolitan. Lipia mapema mtandaoni ili usipange foleni, na uulize kikomo cha muda wa kukaa mezani.

Pita kwanza bila sahani uone vituo vyote. Kisha anza na vile vinavyopikwa au kukatwa mbele yako: nyama inayokatwa, kaa, tambi za kuagiza. Chakula kilichokaa kwenye sinia chini ya taa ya joto, hasa samaki na vitu vya kukaangwa, hupoteza ladha haraka. Ukifika dakika 30 kabla ya zamu ya jioni kuanza kwa bei ya mchana, utaona vituo vikibadilishwa ukiwa ndani. Baadhi ya bufe zimeziba mwanya huu kwa kuuza tiketi za saa maalumu.

Bili ya mgahawa ina mistari mingi. Ipi ni ya lazima?

Chukua mlo wa dola 200. Kodi ya mauzo ya asilimia 8.375 ni dola 16.75, lazima. Bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 ni dola 36 hadi 40. Haimo kwenye sheria, lakini ndiyo desturi, na mhudumu anaitegemea. Baadhi ya mikahawa huongeza ada yake ya asilimia kadhaa, iliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya menyu. Hiyo haimfikii mhudumu. Unaweza kumwomba meneja aiondoe, na baadhi huiondoa bila ubishi.

Kwa kundi la watu sita au wanane na kuendelea, bakshishi huwa imeshaingizwa. Chakula kinacholetwa chumbani pia huwa na bakshishi na ada ya kuletewa tayari, kisha karatasi inakuachia mstari mtupu wa bakshishi ya ziada. Watu wengi hulipa mara mbili hapo. Soma kabla ya kusaini.

Je, nikicheza kasino nitapata chakula na chumba bure?

Utapata kitu, lakini karibu kila mara utakuwa umeshakilipia. Kasino haihesabu ulichopoteza kweli, inahesabu unachotarajiwa kupoteza: wastani wa dau, mara idadi ya michezo kwa saa, mara saa, mara faida ya kasino. Sehemu ya kiasi hicho, tuseme theluthi moja au pungufu, ndiyo inayorudi kwako kama zawadi.

Mchezaji wa blackjack, mchezo wa karata wa kukaribia 21, mwenye dau la dola 25, michezo 60 kwa saa, kwa saa tatu, amezungusha dola 4,500. Faida ya kasino ikiwa asilimia 2, anatarajiwa kupoteza dola 90. Akirudishiwa asilimia 30, ni dola 27. Kwa dola hizo hapati hata kipande cha nyama kwenye mgahawa wa steki. Bora dola 90 zile zingeenda kwenye chakula moja kwa moja.

Kama utacheza kwa sababu unapenda, chukua kadi ya mchezaji, ambayo kasino huitumia kurekodi uchezaji wako, ni bure, na uitumie kila unapoketi. Epuka meza za blackjack zinazolipa 6 kwa 5: kwa dau la dola 25, ukipata blackjack (karata mbili za kwanza zenye jumla ya 21) unalipwa 30 badala ya 37.50 za meza ya 3 kwa 2. Ruleti, mchezo wa gurudumu la namba, ikiwa na sifuri mbili inaipa kasino faida ya asilimia 5.26, ya sifuri moja asilimia 2.70. Amua kiasi cha kupoteza kabla ya kushuka chini, na kadi ya benki iache kwenye kasha la chumbani.

Friji ya chumbani naweza kuweka vitu vyangu?

Kwa tahadhari. Friji nyingi za vinywaji zina vitambuzi: ukiinua chupa kwa muda unaozidi dakika moja hivi, inaingia kwenye bili, hata ukiirudisha. Trei ya vitafunio iliyo juu ya meza nayo ni hivyohivyo, kwa hiyo usiisogeze ili kuweka kompyuta. Anayehitaji kutunza dawa kama insulini aombe friji tupu, na aseme ni kwa sababu ya kitabibu. Chombo cha kuchemshia chai au kahawa mara nyingi hakipo, na umeme ni volti 120, hivyo birika ulilotoka nalo kwenye nchi ya volti 240 litachemka kwa kusuasua sana hata ukipata plagi inayofaa.

Naweza kwenda na watoto?

Ndiyo, lakini aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kusimama wala kukaa kwenye ukumbi wa kamari. Anaweza kupita tu akielekea kwingine. Hoteli nyingi pia zinataka anayesajili chumba awe na miaka 21.

Joto likizidi, bwawa linatosha?

Julai 7, 2024 jiji lilifika nyuzi 48.9 za Selsiasi, ambayo ni rekodi yake. Katika siku kama hizo sakafu ya pembeni mwa bwawa inaunguza nyayo kufikia saa 5 asubuhi, na vivuli vya bure huisha mapema zaidi. Vivuli vya kukodi vina kiwango cha chini cha matumizi ya chakula na vinywaji, kwa hiyo uliza kiwango hicho, si bei ya kivuli pekee. Upepo mkali hufunga mabwawa bila taarifa. Wakati wa baridi hoteli nyingi huacha wazi bwawa moja tu lenye maji ya moto.

Nakula hoteli nyingine. Umbali ukoje?

Unadanganya macho. Majengo ni makubwa mno hadi la pili linaonekana liko hapo tu, kumbe ni dakika 20 kwa mguu, na kutoka kitandani hadi mlango wa barabarani kunaweza kuchukua dakika 10 nyingine. Strip nzima ni karibu kilomita 7. Kuna treni ndogo ya bure inayounganisha Park MGM, Aria na Bellagio, na nyingine ya Mandalay Bay, Luxor na Excalibur. Monoreli ya kulipia hupita nyuma ya hoteli za upande wa mashariki, kutoka MGM Grand hadi Sahara. Kwa nafasi ya saa 1 jioni, toka chumbani saa 12 na dakika 20.

Nina mzio, au nakula halali tu. Nitapata?

Mzio: andika unapoweka nafasi, kisha mrudie mhudumu kabla ya kuagiza. Jikoni kubwa hushughulikia hili vizuri likitajwa mapema, na vibaya likitajwa chakula kikiwa motoni. Kwenye bufe omba mpishi akuzungushe vituoni, kwa sababu miiko huchanganywa na wageni. Halali: usikisie kwa sababu menyu ina kondoo. Piga simu uulize nyama ile mahususi inatoka wapi na kama inapikwa kwenye kikaango kimoja na nguruwe. Jibu likiwa la kusitasita, samaki na mboga ni salama zaidi, ukiuliza pia kuhusu mvinyo kwenye mchuzi.

Nifanye nini siku ya kufika na ya kuondoka?

Vyumba hutolewa kuanzia saa 9 alasiri, na kuingia mapema mara nyingi hulipiwa. Ukifika mlangoni, usifungue begi kwanza. Washa kiyoyozi, funga pazia, nusa hewa, sikiliza ukutani kwa dakika mbili, fungua maji ya moto. Tatizo likiwepo rudi mapokezi saa hiyohiyo, kwa adabu, ukitaja kitu kimoja: moshi, mlango wa kuunganisha, au maji. Chumba ambacho hakijatumika hubadilishwa kwa urahisi, ila ukishalala humo wanabaki kukupa punguzo.

Usiku wa mwisho, fungua bili kwenye televisheni au programu ya hoteli na uipitie mstari kwa mstari, hasa friji na chakula cha chumbani. Kosa huondolewa kwa dakika tano ukiwa bado umesimama pale mapokezi, na kuondoka ni kabla ya saa 5 asubuhi.